Vifaa Vilivyohifadhiwa Dhidi ya Vumbi

Kila asubuhi nyumbani kwangu Ipagala, kabla sijanywa chai na kabla sijamwuliza mke wangu ameamkaje, nilikuwa nawasha kompyuta nione kama kuna mtu amenitaja. Uko mtandao unaofanya kazi hiyo. Unahesabu ni mara ngapi wasomi wengine wameitaja kazi yako katika makala zao, kisha unaiweka namba hiyo pembeni mwa jina lako, kila mtu aione, kama uzito wa mtoto kwenye kadi ya kliniki. Namba ikipanda, chai ilikuwa tamu. Isipopanda, nilikuwa nauliza nani kapika chai kwa majani ya jana.

Mke wangu anafundisha shule ya msingi kule Mkonze, darasa la pili, na watoto wake ni wengi kuliko madawati. Hajawahi kutajwa na jarida lolote duniani. Asubuhi moja aliniuliza, huku akifunga kilemba, hao wanaonitaja wananitaja kwa heri au kwa shari. Nikamwambia mtandao hautofautishi. Akasema basi hao ni sawa na majirani tu, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Utaalamu wangu ni elimu ya watoto wenye ulemavu. Ofisi yangu ya chuoni iko ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Mwanafunzi wangu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu tulikuwa tunaonana chini, penye ngazi, mimi nimesimama na karatasi zake mkononi, watu wakitupita. Kuhusu ngazi nilishaandika makala mbili. Zilihusu ngazi za shule za wengine.

Katika yote niliyoandika, makala moja ndiyo iliyonibeba. Niliiandika baada ya kutembelea shule moja ya msingi upande wa Busi, Kondoa, nikitafuta mahali ambapo mtoto mwenye ulemavu anasoma pamoja na wenzake na mambo yanakwenda vizuri. Majarida ya nje yalikuwa yameshachoka na makala za Afrika zinazolia. Yalitaka habari njema, nami nilikuwa na kibali chenye mhuri, dodoso la kurasa nane, na siku moja.

Anayejua shule zetu anajua mhuri una kazi gani. Mtu akishuka garini na barua yenye mhuri, hata aseme mara ngapi kwamba yeye ni mtafiti tu, kwa mwalimu mkuu huyo ni mkaguzi. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mzee mkarimu aliyekaribia kustaafu, alijaza dodoso langu kwa kuweka alama ya vema kila mahali palipoandikwa "ipo". Wakati anajaza, jikoni palikuwa na kuku anachinjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Siku ile aliyepona ni mgeni.

Baada ya kula akanipeleka nje kunionyesha chumba cha elimu maalumu. Mlangoni paliandikwa kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: CHUMBA CHA ELIMU MAALUMU. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Mwalimu wa elimu maalumu, nikaambiwa, yuko semina Kondoa mjini, na ufunguo anao yeye. Basi nikaenda dirishani, nikaweka viganja kando ya macho kukinga jua, nikachungulia. Kioo kilikuwa na vumbi la miaka. Ndani niliona turubai la kijani limefunika vitu fulani, vimepangwa kwa utaratibu, virefu na vifupi. Mwalimu mkuu akasema hivyo ndivyo vifaa. Mimi nikaandika kwenye daftari sentensi iliyokuja kunipa umaarufu: vifaa vya kufundishia viziwi na wasioona vipo, na vimehifadhiwa vizuri dhidi ya vumbi.

Sikuona kifaa hata kimoja. Nilijua kwamba sikuona. Lakini gari lilikuwa linaningoja, na hakuna jarida linalotaka sentensi isemayo mtafiti alichungulia akaona turubai.

Makala ilitoka, namba ikaanza kupanda. Mwenzetu mmoja wa chuo kingine alinitaja kama ushahidi kwamba maeneo kame yanaweza kuongoza katika elimu jumuishi. Mwingine, aliyekuwa mbali sana nasi, aliihamishia shule yangu pwani. Wa tatu alisema niligundua kwamba hatua ya kwanza ya elimu jumuishi ni kupambana na vumbi, akapendekeza mkakati. Hawa wote sikuwasahihisha. Mtu anayekutaja vibaya anahesabiwa sawasawa na anayekutaja vizuri, na mimi nilikuwa nimebakiza hatua moja niwe profesa mshiriki. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuchapisha. Njia yangu ilikuwa imeshavuka mabara.

Pale idarani tulikuwa pia na utaratibu wetu wa nitaje nikutaje. Hauandikwi popote, kama vile isivyoandikwa kwamba ukila ubwabwa wa harusi ya mtu na wewe utamwita kwenye yako. Mimi nilimtaja mkuu wa idara hata katika makala ya nukta nundu za wasioona, ambazo yeye hazijui, naye akanitaja katika makala ya kilimo cha zabibu shuleni. Hatukuona kosa. Tuliita ushirikiano.

Ilikuwa Jumanne moja, faili langu la kupandishwa cheo linatakiwa ndani ya wiki tatu. Mlinzi alinipigia kutoka getini kwamba kuna mama ananiulizia kwa majina yangu yote matatu. Aliyepanda ngazi za ghorofa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga mbili, viatu vina vumbi la safari, ameshika mkono wa binti yake wa miaka kama tisa. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alisema anatoka Busi. Mtoto wake aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, masikio yakafa. Anakwenda shule kila siku, anakaa nyuma, anarudi. Yeye na wazazi wengine wenye watoto kama huyo waliandika barua kuomba mwalimu wa lugha ya alama. Wamejibiwa.

Akatoa barua ndani ya mfuko wa plastiki. Ilitoka ofisi ya elimu, na ilikuwa fupi. Ombi halikukubaliwa kwa sababu, kwa mujibu wa utafiti, na hapo likafuata jina langu, shule hiyo tayari ina chumba maalumu chenye vifaa, vilivyohifadhiwa vizuri dhidi ya vumbi. Walimu wa lugha ya alama waliopo wapangiwe shule zenye upungufu.

Sisi wasomi tumelalamika miaka yote kwamba serikali haisomi tafiti zetu. Hii waliisoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewapelekea nakala, kama kibali kinavyotaka, pamoja na barua ya kuishukuru shule kwa jina.

Yule mama alisubiri nimalize kusoma. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Mwalimu, mimi naishi jirani na shule na hicho chumba sijawahi kukiona wazi. Wewe ndiye uliyeviona hivyo vifaa. Nimekuja unifungulie."

Nikaanza kumweleza kuhusu mapungufu ya kimbinu, kuhusu taarifa zinazotolewa na mhojiwa mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza dini ya wengine. Wakati ule mtoto alikuwa amechoka, nikampa kalamu na karatasi atulie. Mezani palikuwa na nakala ya makala yangu, ile ile, ninayowapa wageni. Akaivuta karibu akaanza kuandika. Nilipomwangalia baadaye alikuwa amenakili aya nzima ya kwanza, kwa Kiingereza, herufi nzuri zilizosimama, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Mama yake akasema ndivyo anavyofanya darasani. Ananakili ubao wote, hata idadi ya waliohudhuria, na hajui hata neno moja lina maana gani.

Katika miaka yangu yote, huyo ndiye mtu wa kwanza kuninukuu bila kosa hata moja. Niliona aibu. Siyo ile ya kusema samahani ukaendelea na shughuli zako. Niliwaahidi nitafika Busi Jumamosi.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa mkuu wa idara kupata ushauri, maana woga una tabia ya kutafuta wakubwa. Alifunga mlango. Akasema makosa madogo yapo kwa kila mtu, na kwamba nikiiondoa makala hiyo, wale wote walionitaja watabaki wananing'inia. Kisha akaniwekea mkono begani. "Dokta, hiyo makala ndiyo mguu wa faili lako. Ukiukata, litasimama na nini?" Alisema hivyo mtu anayefundisha somo la lugha ya staha kwa watu wenye ulemavu.

Jumamosi nilifika shuleni Busi na kumkuta mwalimu mkuu mpya, aliyekuja pale siku ya mapumziko kwa ajili yangu, kijana kuliko yule wa kwanza na mwenye wasiwasi zaidi. Yule mama na binti yake walikuwa wameshafika. Kabla sijasema shida yangu nikasogezewa kitabu cha wageni, kwa maana shule zetu zinaweza kukosa chaki lakini kitabu cha wageni hakikosekani. Nikafunua kurasa nyuma, nikaukuta mwandiko wangu. Kwenye safu ya maoni nilikuwa nimeandika kwamba nimeridhishwa sana na chumba maalumu, vifaa vimehifadhiwa vizuri, hongereni.

Chini yangu alifuata afisa mmoja: naungana na mgeni aliyetangulia. Chini yake mtu wa mradi: hongereni kwa chumba cha mfano. Kisha mwingine: nimefurahi kusikia kuhusu chumba. Kurasa mbili nzima za watu waliosaini, wakala, wakaungana na mgeni aliyetangulia. Nilikaa nikizisoma, nikaona kwamba mtandao wangu wa kila asubuhi ulikuwa umeshaanzia hapa tangu zamani, kwenye daftari la kava gumu, na mgeni wa kwanza nilikuwa mimi.

Nilimwomba mwalimu mkuu ufunguo. Akasema hajawahi kuwa nao. Katika makabidhiano aliandikiwa kwamba upo kwa mwalimu wa elimu maalumu, na mwalimu wa elimu maalumu alihamishwa zamani, yeye hajamwona. Nikauliza kwa nini hakuvunja kufuli. Akanishangaa. Vifaa vya viziwi na wasioona ni mali ya thamani, akasema, na vimeandikwa mpaka kwenye majarida. Vikipotea baada ya yeye kuvunja, atajibu nini? Alichukua kitabu cha wageni, akaniwekea kidole juu ya mwandiko wangu. Mwishowe tulikubaliana kwamba niandike humo humo, kwa mkono wangu, kwamba kufuli linavunjwa kwa ombi langu na kwa dhamana yangu. Nikaandika, nikasaini. Yule mama hakungoja wino ukauke. Alikuwa amekuja na nyundo kutoka nyumbani.

Kufuli lilitoka kwa pigo la tatu. Ndani palinuka panya. Mwalimu mkuu na mimi tukashika turubai, yeye pembe hii na mimi pembe ile, tukalivuta. Chini yake palikuwa na magunia yaliyokuwa na mahindi, sasa yana pumba na matundu, majembe ya shamba la shule yasiyo na mipini, na mizani mbovu. Mwalimu mkuu alisema pengine chumba kilipakwa rangi kwa kutarajia vifaa, na vifaa havikuja, na mavuno yakaja. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Nikakumbuka ugali niliopewa siku ile pamoja na kuku. Bila shaka ulitoka humu. Kwa hiyo ni kweli kwamba vifaa hivyo niliwahi kuvitumia.

Mama aliangalia magunia. Mtoto ndiye aliyenitazama mimi. Alionyesha chumba, akanionyesha mimi, akafungua mikono: ilikuwaje? Sina lugha ya alama. Nimeiandikia kwa miaka mingi, lakini sina. Basi nikatoka nje, nikaenda kwenye lile dirisha, nikaweka viganja kando ya macho, nikagusisha paji la uso kwenye kioo, nikachungulia. Halafu nikarudi nikafanya kama ninaandika upesi upesi. Alielewa. Alicheka mpaka akakaa chini, na mama yake, kwa mara ya kwanza, akacheka pia.

Jumatatu nikaenda ofisi ya elimu na barua ya kurasa mbili nikikiri kila kitu. Afisa aliisoma kwa makini. Alikuwa mtu mwema, na aliniambia kwa heshima kwamba hawezi kuitumia. "Utafiti wako umechapishwa, Dokta. Barua hii haijachapishwa. Nitatenguaje kilichochapishwa kwa kisichochapishwa?" Nilitaka kubishana, nikakumbuka kwamba hayo ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ikabidi nichapishe masahihisho. Niliandika ukurasa mmoja na nusu: chumba kilikuwa kimefungwa, sikuingia, hapakuwa na vifaa, na hitimisho langu halina msingi. Jarida likayapeleka kwa mhakiki, kama ada ilivyo. Mhakiki alijibu baada ya miezi, akipendekeza yakataliwe. Alisema madai yangu ni mazito na yanapingana na tafiti nyingi zilizokwisha kuthibitisha kuwepo kwa vifaa hivyo, akaziorodhesha, na akashangaa kwamba sikuzisoma. Nilizifungua moja baada ya moja. Zote zilikuwa zimenitaja mimi.

Nilimjibu mhariri kwa picha nilizopiga Busi siku ile: kufuli, turubai, magunia, na ukurasa wa kitabu cha wageni. Nilimwandikia kwamba shahidi mkuu ni panya. Hilo mke wangu aliniambia nilitoe, nikalitoa. Masahihisho yakatoka mwishoni kabisa mwa toleo, baada ya matangazo ya makongamano.

Faili langu la kupandishwa cheo nilikuwa nimeshaliondoa kabla ya wiki zile tatu kwisha. Ningeweza kusubiri nipandishwe kwanza halafu nikiri, na sitasema kwamba wazo hilo halikunipitia. Lilinipitia kila siku. Kilichonizuia ni ile karatasi ya mtoto, niliyokuwa nimeibandika ukutani juu ya kompyuta. Kamati ilipokaa, jina langu halikuwepo, na mkuu wa idara aliacha kunitaja. Ile makala ya zabibu aliitoa tena mahali pengine, ikiwa imeboreshwa, bila mimi.

Makala yangu ya zamani inaendelea kutajwa mpaka leo. Mtu wa mkakati wa vumbi ametoa sehemu ya pili. Masahihisho, kwa upande wake, mtandao unasema hayajatajwa na mtu yeyote, nami ninaujua uongo wake, kwa sababu yametajwa mara moja. Yametajwa katika barua fupi kutoka ofisi ya elimu, ninayo nakala: kwa mujibu wa masahihisho, na hapo jina langu, shule haina vifaa wala mwalimu, hivyo anapelekwa mwalimu mmoja wa lugha ya alama. Barua za namna hiyo mtandao hauzihesabu.

Nilikwenda kuwaona msimu uliopita, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa. Mwalimu aliyepelekwa ni binti mwenye sauti ndogo na mikono yenye kasi. Chumba kimesafishwa, lakini vifaa bado havijafika, na watoto viziwi wamekuwa wanne, maana wazazi wa vijiji vya jirani wamesikia. Nilisaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya maoni nikaandika nilichokiona: watoto wanne, mwalimu mmoja, ubao mmoja.

Nilipoingia, yule binti wa siku ile alinitambua. Akamgeukia mwenzake, akaweka viganja kando ya macho, akasogeza uso mbele kama anaugusisha kwenye kitu, akaninyooshea kidole. Mwenzake akaitikia. Nikamwuliza mwalimu wamesema nini.

"Anamwambia umefika," akasema. "Hilo ndilo jina lako hapa. Kila mtu wanampa la kwake, kwa kitu walichokiona kwake, na wakikusimulia wanakutaja hivyo."

Nikauliza kama linaweza kubadilishwa. Mwalimu akamwuliza mtoto kwa mikono. Mtoto alinitazama, akafikiri, akatikisa kichwa.

Basi nikaona nijifunze angalau kulisema. Nikaweka viganja kando ya macho, nikainama kidogo mbele. Mtoto hakuridhika. Alikuja akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakivuta mbele zaidi, mpaka pale ambapo kioo kingekuwa.